Molekuli Mbili za Fundi Brashi

Mtaani kwetu, duka la zamani ulilijua kwa herufi zake. Ukiona S imelala kidogo, kama mtu aliyeegemea ukuta akisubiri kuitwa, basi kibao hicho kiliandikwa na Fundi Brashi. Kinyozi alimwomba mara moja ainyooshe ile S ya kwake. Akajibiwa kutoka juu ya ngazi, "Wewe nyoosha nywele za watu, herufi niachie mimi."

Hivyo ndivyo alivyokuwa: mtu mrefu, mkavu, maneno mengi akiwa juu ya ngazi na machache akishuka. Kazi ya nje aliifanya mchana, lakini vibao vidogo aliviandikia nyumbani, katika chumba cha uani kisicho na dirisha, mikebe ya rangi imepangwa toka sakafuni hadi darini. Jioni alinawa mikono kwa thina, kile kimiminika cha kuzimulia rangi, mpaka kwenye viwiko, kisha kwa sabuni, kisha akaja kula. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa na chumba chake cha kazi upande wa mbele, na mlango wa katikati aliufunga daima ili nguo za wateja zisishike harufu.

Miaka ikaenda hivyo, na mambo yakaanza kumharibikia polepole. Kichwa kilimuuma kila alasiri. Aliandika MKAHAWA akaruka A moja, akashuka, akakunja ngazi, akalipwa, akaenda zake. Mwenye mkahawa aligundua baada ya kuulizwa na mteja. Mkono nao ukaanza kutetemeka. Fundi Brashi akailaumu ngazi, akailaumu miwani, akailaumu hata rangi ya siku hizi kwamba ni nyepesi mno.

Mkewe ndiye aliyemburuta hadi zahanati. Daktari alimuuliza kazi yake, akamtazama kucha, akamwambia anyooshe mikono mbele. Walipotoka nje fundi akasema, "Kaniambia nipumzike kidogo."

"Nilikuwa kwenye benchi," mkewe akasema, "na ule mlango hauna kitasa. Kasema thina inakuingia mwilini. Kasema uache kazi ile, na kama huwezi kuacha, uifanyie nje penye upepo. Hilo la kupumzika umelitoa wapi?"

Nyumbani walikuwa wamebaki na binti yao wa mwisho, ambaye wote tulimwita Kitinda. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo kilichopo mwisho wa barabara yetu, akisomea kemia. Jioni hiyo alileta mkebe wa thina mezani, akasoma maandishi madogo ya ubavuni, akauweka mbele ya baba yake.

"Baba, kazi ya kitu hiki ni kuyeyusha mafuta. Na ubongo umejaa mafuta. Unadhani kikifika huko kinapiga saluti na kugeuka?"

Fundi Brashi alicheka, lakini mkebe hakuusogeza.

Jambo la chuo lilianzia kwenye sketi. Mwanamke mmoja, karani pale chuoni, alileta sketi yake ipunguzwe, na katika mazungumzo akataja kwamba kuna masomo ya jioni ya sanaa ya michoro kwa kompyuta. Anayejua kusoma na kuandika anapokelewa, umri hauulizwi. Fundi cherehani akamaliza kupima kiuno, akavaa viatu, akaenda naye hadi ofisini. Aliporudi alimkuta mumewe anafuta brashi.

"Nimekuandikisha," akasema.

"Kwenye nini?"

"Chuoni. Kuchora kwa kompyuta."

"Mimi? Na mvi hizi?"

"Mvi hazishiki kipanya, baba watoto. Mikono ndiyo inashika."

Kitinda alipopata habari alimfuata mama yake jikoni akamwuliza kwa sauti ya chini kama hakuna chuo kingine. Hakuwa na aibu na baba yake, alieleza, ila baba alikuwa na tabia ya kumwita "mama!" kwa sauti ya juu ya ngazi, na uwanja wa chuo ni mpana. Mama akapeleka ujumbe. Fundi Brashi akaupokea kwa heshima zote. "Mwambie asiwe na wasiwasi. Nitampita kama nguzo ya umeme."

Akatimiza. Siku ya kwanza alimkuta Kitinda amesimama na wenzake mlangoni mwa maabara. Akawasalimia wote mmoja mmoja, akawapa mikono, akawatakia masomo mema, akamruka Kitinda kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Alipopotea ngazini, mmoja wao akauliza, "Kwani yule mzee mna ugomvi gani?"

"Ni baba yangu," Kitinda akasema, na kicheko kikamshinda. Baada ya hapo aliitwa "mama" uwanja mzima, na hakuna aliyejali.

Darasa la michoro lilikuwa ghorofa ya juu, mapazia yamefungwa ili skrini zionekane vizuri, mashine zikivuma pamoja. Mwalimu alikuwa kijana mpole wa miwani ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Pikseli. Wiki ya kwanza kazi yake kubwa ilikuwa kumfundisha Fundi Brashi asinyanyue kipanya. Mzee alikinyanyua kama brashi, akakipeperusha hewani, kisha akashangaa kwa nini skrini haifuati.

"Kiburuze, mzee wangu. Kisiache meza."

"Huyu panya mvivu. Hataki kupanda."

Ugomvi halisi ulikuja siku ya rangi. Mwalimu Pikseli alisema kwamba kwenye skrini, nyekundu ukiichanganya na kijani unapata njano. Fundi Brashi akaweka miwani mezani.

"Mwalimu, hapo nitakukatalia. Nimechanganya rangi tangu wewe hujazaliwa. Nyekundu na kijani zinakupa matope."

"Kwenye mkebe, ndiyo. Mkebe unameza mwanga, na kila rangi unayoongeza inameza zaidi. Hapa tunaongeza mwanga wenyewe. Jaribu."

Akajaribu. Alisukuma nyekundu hadi mwisho, akasukuma kijani hadi mwisho, na njano ikawaka mbele yake, safi kama imetoka kiwandani leo. Akainama akatazama nyuma ya skrini, kana kwamba kuna mtu amejificha huko na mkebe. Darasa zima likacheka, naye akacheka. Lakini njiani kurudi nyumbani alisimama chini ya kila taa. Alipofika, mkewe alimwuliza kulikoni. "Leo nimeona njano," akasema, "na sijui nikueleze vipi."

Kutoka siku hiyo hakukosa darasa hata moja. Mkono wake uliotetemeka haukumzuia sana, kwa sababu mwalimu alimwonyesha jinsi programu inavyoweza kulainisha mstari wenyewe. S yake ya kwanza ilitoka laini, imenyooka. Aliitazama, akaifuta. "Hii si yangu," akasema, akaanza kuivuta nukta baada ya nukta mpaka ikalala inavyotakiwa.

Wakati yeye anapata mwanga, Kitinda alikuwa gizani. Alianguka mtihani wa katikati ya muhula, sehemu ya maumbo ya molekuli. Tatizo lake lilikuwa moja: kitabuni molekuli imelala juu ya karatasi, lakini kwa kweli ina mbele na nyuma, kama kiti au kama mtu. Kuna alama za kuonyesha hilo. Mstari mnene maana yake atomu inakujia. Mstari wa vipande vipande maana yake inakukimbia. Kitinda alizijua alama hizo kwa moyo, ila kichwani mwake kitu kilibaki bapa. Mama alimkuta mezani na vifungo vya nguo na vijiti vya kusafishia meno, anajaribu kujenga kitu ambacho kilianguka kila akikigusa.

"Haigeuki, mama," akasema. "Mwalimu anasema igeuzeni kichwani. Kichwani kwangu haigeuki."

Fundi Brashi akachungulia daftari. Mstari mnene na mstari wa vipande, hayo aliyaelewa mara moja. Ni kama kivuli cha herufi, kinachoifanya itoke ukutani. "Sisi tumepewa kazi ya mwisho," akasema. "Kila mtu achore kitu kinachogeuka. Wenzangu wanachora magari na viatu. Nipe hiyo molekuli yako."

"Baba, hujui ni nini."

"Sijui. Wewe utaniambia wapi ni mbele na wapi ni nyuma. Kugeuza kutakuwa juu yangu."

Kitinda akamchagulia ile inayoupa mnanaa harufu yake, kwa sababu ilikuwa ndiyo iliyomwangusha. Ikawa kazi yao ya jioni, baada ya darasa, kwenye mashine za chuo, kwa wiki kadhaa. Kaboni ikawa mpira mweusi, haidrojeni mweupe, oksijeni mwekundu. Mahali pa kung'aa kwenye kila mpira Fundi Brashi alipahangaikia kuliko yote, maana aliamini kitu kisicho na mng'ao hakina mwili. Ilipoanza kuzunguka kwenye skrini, polepole, mipira ya nyuma ikipita nyuma ya ya mbele na kutokea tena upande wa pili, Kitinda alikaa kitako sakafuni akaitazama.

"Ahaa," akasema hatimaye. "Kumbe hii inaelekea huku."

Kesho yake aliipeleka kwa mwalimu wake wa kemia. Mwalimu huyo alikuwa mama wa makamo ambaye wanafunzi walimwita Bibi Mizani, kwa kuwa chochote ulichopima yeye alikipima tena. Aliitazama ile picha ikizunguka, akaiacha izunguke tena.

"Kazi nzuri sana. Nani amechora?"

"Baba yangu."

"Mwambie baba yako amechora kisibiti, kile kiungo cha chakula, si mnanaa," Bibi Mizani akasema. "Na umlete, nataka kumwonyesha."

Kosa lilikuwa hivi. Alipokaribia kumaliza, Fundi Brashi aliona ile picha imeelemea kushoto, akaona ingependeza ikitazama kulia. Akabonyeza amri ya kugeuza, kama kioo kinavyogeuza. Kwa mwandishi wa vibao hilo si jambo. Vioo vya madukani unaviandika kwa ndani, kinyumenyume, na anayepita nje anasoma vizuri tu. Hakumwambia Kitinda, kwa kuwa hakuona cha kuambia.

Alikuja maabara amevaa shati lake la kwenda popote. Wakampa koti jeupe, mikono ya koti ikaishia katikati ya mikono yake. Bibi Mizani akamwomba anyooshe viganja vyote viwili.

"Vidole ni vilevile, sivyo? Gumba, cha shahada, mpaka mwisho. Sasa weka cha kulia juu ya cha kushoto, vyote vitazame chini. Vinalingana?"

Fundi akajaribu. Gumba moja huku, gumba jingine kule. "Havikubali."

"Basi na molekuli yako ndivyo ilivyo. Atomu zilezile, zimeshikana vilevile, lakini moja ni mkono wa kulia na nyingine wa kushoto. Ukiigeuza kama kioo, umepata kitu kingine. Hata pua inajua." Akafungua vichupa viwili, akachovya ncha za karatasi, akampa ya kwanza kisha ya pili. "Moja ni mnanaa, ndiyo uliyotaka kuchora. Nyingine ni kisibiti, ndiyo uliyochora. Niambie ipi ni ipi."

Fundi Brashi akanusa ya kwanza. "Naam." Akanusa ya pili. "Naam." Akarudi kwenye ya kwanza, akavuta kwa nguvu. "Mnanaa ni hii."

Kitinda akacheka, maana ilikuwa kisibiti na harufu yake ilikuwa imeshajaa chumba. Akadhani baba anatania, kama kawaida. Kisha akamwona uso. Kicheko kikakatika.

"Mafua," Fundi Brashi akasema, akatabasamu, akamrudishia mwalimu karatasi zake na kumshukuru kwa maelezo.

Walishuka wakakaa kwenye ngazi za nje za jengo. Wanafunzi walipita na vitabu vyao. Kitinda alisubiri wapungue.

"Baba, huna mafua."

"Sina."

"Umesikia nini pale?"

"Karatasi. Nimesikia ubaridi wa karatasi puani. Basi."

"Tangu lini?"

Akafikiri. Alikumbuka maziwa yaliyoungua mbele yake jikoni, na mkewe alivyomgombeza kwamba amekaa tu anayatazama. Alikumbuka siku nyingi za kuongeza chumvi akisema chakula cha siku hizi hakina ladha. "Sijui, mama. Haikuondoka kwa kuaga." Akaendelea akiangalia viatu vyake. "Na kuna jambo jingine. Yule mwenye lori jekundu alinipa mbao za ubavuni nimwandikie. Naziandika mchana mama yako akiwa na wateja. Nafunga mlango harufu isimfikie."

Kitinda akamshika mkono, ule unaotetemeka.

"Harufu inatufikia, baba. Inatufikia siku zote. Wewe tu ndiye huisikii."

Fundi Brashi aliniambia baadaye kwamba daktari alimtisha na haikumwingia, mkewe alimlilia na haikumwingia, lakini maneno hayo yaliingia mpaka mwisho. Hapo ndipo alipoogopa. Si kufa, alisema. Aliogopa kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe watu walikuwa wanaishi na kitu ambacho yeye hakijui, na walikuwa wanamstahi wasimwambie.

Asubuhi akamrudishia mwenye lori mbao zake, zikiwa nusu zimeandikwa, akamweleza sababu bila kuzungukazunguka. Mwenye lori alinuna, kisha akauliza kama hata yeye, anayelala kwenye lori karibu na madumu ya mafuta, aende zahanati. Wakaenda pamoja. Zahanati ikampeleka Fundi Brashi kwa daktari wa pua, naye alimwambia kwamba kunusa huenda kukarudi na huenda kusirudi, cha muhimu ni asiongeze madhara.

Mikebe ya uani ilikuwa shida nyingine. Fundi alitaka kuimwaga mtaroni. Bibi Mizani alipopata habari alipaza sauti, jambo lisilo la kawaida kwake, akasema ilete huku kabla hujaua samaki wa watu. Kitinda na wenzake wakaja na mkokoteni, wamevaa glavu, wakaihamishia kwenye ghala la chuo ambako vitu kama hivyo huhifadhiwa mpaka viharibiwe kwa njia salama. Siku hiyohiyo mkewe alileta fundi mwashi akatoboa dirisha katika kile chumba. Mwanga ulipoingia, tuliona kuta zimepakwa majaribio ya rangi za miaka yote, na mkewe akakataa zisipakwe chokaa.

Kazi ya mwisho ya darasa Fundi Brashi aliifanya upya. Badala ya kuifuta ile ya makosa, aliiacha na kuchora ya pili pembeni, zikazunguka pamoja, mnanaa na kisibiti, ukitazama unaona kila mara zinakaribia kufanana na hazifanani. Mwalimu Pikseli alimpa alama nzuri, akamkata kidogo kwa sababu zilizunguka haraka mno. Fundi akabisha, kisha akaenda akazipunguza mwendo, akakubali kwamba ni kweli.

Bibi Mizani aliomba azitumie darasani, kisha akaomba nyingine, na nyingine. Zilikuwa zinarudi na masahihisho kama nguo iliyokataliwa pindo: hii imeangalia nyuma, hii imekosa haidrojeni. Mkewe alidhani atachukizwa. Badala yake alizipokea kwa furaha, akasema kwamba katika kazi yake yote ya vibao hakuna aliyemsahihisha ila kinyozi, na kinyozi hajui kitu. Asubuhi sasa anafanya kazi katika duka la kuchapisha mabango lililo ng'ambo ya barabara, lile lile lililokuwa limeanza kumnyang'anya wateja. Mwenye duka ana mashine kubwa, ila alikuwa hana mtu wa kupanga herufi. Alikuja mwenyewe kumwomba.

Kitinda alirudia mtihani akapita. Hakupita kwa kishindo, alipita tu, na alilala siku nzima iliyofuata. Sasa yuko mwaka wa mwisho, amechagua kushughulika na rangi zinazochanganywa kwa maji. Hasemi kwa nini amezichagua, na nyumbani hakuna anayeuliza.

Pua ya baba yake haijarudi. Wameizoea. Maziwa yakiwekwa jikoni mkewe anasema "maziwa," na yeye anasimama hapohapo asiyaache. Sabuni mpya ikinunuliwa Kitinda anamweleza inanukiaje, naye anasikiliza kwa makini, anauliza ni kali au ni ya mbali, kama anayetaka kuichora.

Muhula huu amejiandikisha kemia ya mwanzo. Bibi Mizani alimwuliza anatafuta nini, akajibu kwamba amevuta vitu maisha yake yote na hajawahi kuvijua majina. Jaribio la kwanza lilimshinda. Jioni nilipopita kuchukua suruali yangu, nilimkuta mezani na Kitinda, daftari mbele yake, mkewe ameinama juu ya cherehani.

"Tuanze tena," Kitinda alikuwa anasema. "Kaboni ina mikono mingapi ya kushikia wenzake?"

Fundi Brashi akatazama dari. Akatazama viganja vyake. "Miwili."

"Minne," mkewe akasema bila kuinua kichwa. "Hata mimi najua, nimeisikia wiki nzima."

"Basi kesho nenda wewe."

"Mimi nina gauni la bi harusi hapa. Andika: minne."

Akaandika.